Mabinti watano mlangoni pa hema, na sheria zinazojadiliwa Bungeni

Masomo: Hesabu 27:1-11, Hesabu 36, Yoshua 17:3-4, Kumbukumbu la Torati 24:10-15

Tunawasalimu ninyi mliosikiliza neno hili kwenye radio, na ninyi ambao kuran ilikatika katikati ya mahubiri mkaomba tuwaandikie kwenye karatasi. Tunawasalimu pia wamama wa sokoni wanaosomeana karatasi hii mbele ya meza zao asubuhi, wateja wakiwa bado hawajafika.

Leo tunafungua Hesabu 27. Wahubiri wengi wanaipita sura hii haraka kwa sababu imejaa majina, na majina yenyewe yanasumbua ulimi. Sisi tutakaa pale, maana ndani yake kuna jambo ambalo kanisa letu linalihitaji sana wakati huu.

Selofehadi wa kabila la Manase alikufa jangwani. Hakuacha mtoto mwanaume, aliacha mabinti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Wakati huo taifa lilikuwa limehesabiwa, na nchi ingegawanywa kufuata hesabu ile. Kufuata desturi, nyumba isiyo na mwana haipati kitu. Baba yao alikuwa kama mtu ambaye hakuwahi kuishi. Mabinti wale wangeingia Kanaani pamoja na wengine, wangevuka Yordani pamoja na wengine, halafu wangekaa kwa watu kama wageni katika nchi ya ahadi.

Angalieni walifanya nini. Hawakubaki katika hema lao wakilia, ingawa tunaamini kwamba walilia. Hawakwenda kumsema Musa kisimani. Walikwenda wote watano, wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mbele ya mkutano wote. Kila mmoja wetu anayejua jinsi ilivyo vigumu kwa msichana kusimama mbele ya wazee wa familia yake kusema habari ya urithi wa shamba, ataelewa miguu yao ilikuwa inatetemeka kiasi gani. Wakaeleza neno lao vizuri. Walisema baba yao hakuwa katika kundi la Kora lililoasi, maana yake: hatuombi jambo hili tukiwa na deni la uasi. Wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Wakasema wanachotaka: wapewe sehemu kati ya ndugu za baba yao. Shida, sababu na ombi vilikuwa katika maneno machache, na hakuna tusi hata moja.

Musa hakuwajibu kwamba haijaandikwa. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba mabinti hao wamesema haki. Kutoka siku ile sheria ikawa mpya, na si kwa nyumba yao tu. Mungu aliagiza kwa Israeli yote: mtu akifa bila mwana, urithi uende kwa binti, akikosa binti, kwa ndugu zake, na kuendelea hivyo mpaka kwa jamaa wa karibu.

Wapendwa, hilo ndilo tungeliita leo pendekezo la sheria. Lilipelekwa na watu wadogo, likasikilizwa na wakubwa, likawa sheria ya taifa.

Tunalisema hili kwa sababu mara mbili kila mwaka nchi yetu inafungua kikao cha kawaida cha Bunge. Katiba, katika kifungu cha 115, inasema kikao cha kwanza kinaanza tarehe 15 Machi na kumalizika tarehe 15 Juni. Cha pili kinaanza tarehe 15 Septemba na kumalizika tarehe 15 Desemba. Katika miezi hiyo wabunge na masenata wanazungumza mambo ya mshahara wa mwalimu wa mtoto wako, maji ya bomba lako, kontra ya kazi yako, na nyumba unayolipa kila mwisho wa mwezi. Katika miezi hiyo hiyo kanisa linafunga na kuomba kwa ajili ya taifa, na hilo ni vema sana. Lakini ukimwuliza mshirika anayetoka kwenye maombi ni sheria gani inajadiliwa, atakuambia mambo ya siasa si yake.

Tujibu hapo kwanza, maana wengi wanatuandikia neno hilo hilo. Wanasema mtumishi wa Mungu asiguse siasa. Kama siasa ni kushika bendera ya chama na kuuza mimbari kwa mgombea kwa ajili ya mabati ya kanisa, tunakubali, tena kwa nguvu. Mimbari haiuzwi. Lakini soma Matendo 16. Paulo na Sila walikuwa gerezani Filipi. Usiku wa manane waliomba na kuimba, na nchi ikatetemeka, milango ikafunguka. Sisi Wapentekoste tunaipenda sana sehemu hiyo, tumeihubiri mpaka watoto wa Sunday school wanaijua. Endelea kusoma mpaka asubuhi. Wakuu wa mji walituma watu wawafungue kimyakimya. Paulo akakataa kutoka kimyakimya. Akasema wao ni raia wa Roma, wamepigwa mbele ya watu bila hukumu, basi wakuu waje wenyewe kuwatoa. Mtu yule yule aliyeomba usiku ndiye aliyetaja sheria asubuhi. Tena katika Matendo 22, wakimfunga kamba ili wampige mijeledi, alimwuliza akida kama sheria inawaruhusu kumpiga Mroma asiyehukumiwa. Ilimbidi kwanza awe anaijua sheria ndipo aweze kuuliza hivyo.

Sasa tuseme jinsi sheria inavyotembea katika Jamhuri yetu, maana watu wengi wanadanganywa hapo. Kufuata kifungu cha 130 cha Katiba, sheria inaweza kuletwa na serikali, au na mbunge yeyote, au na senata yeyote. Ikiletwa na mbunge au senata, serikali inajulishwa na inapewa siku 15 za kutoa maoni yake. Halafu neno linakwenda kwenye komisioni, linachambuliwa kifungu kwa kifungu, linarudi kwenye kikao cha wote. Mabaraza yote mawili yanapaswa kukubaliana juu ya maandishi yale yale. Yakishindwa kukubaliana, linaundwa kundi la watu wa pande zote mbili kutafuta njia. Baadaye inakwenda kwa Rais, naye ana siku 15 za kuitangaza, au kuirudisha ijadiliwe tena. Inachapishwa katika Journal Officiel, na siku 30 baada ya kuchapishwa inaanza kufanya kazi, kama yenyewe haikusema tofauti.

Ni njia ndefu. Kwa hiyo, mtu akikutumia kwenye WhatsApp sauti ya kusema kwamba "sheria imeshapita, kuanzia kesho wenye nyumba watafanya hivi," uliza kwanza: nani aliileta? Iko komisioni, iko Senati, au Rais ameshatia sahihi? Mara nyingi utakuta ni mbunge mmoja tu amesimama na karatasi yake mbele ya kamera. Hata katika Biblia sheria ile ya mabinti ilirudi mezani. Soma Hesabu 36: wakuu wa ukoo wao walikuja wakasema, hawa wakiolewa na kabila nyingine, shamba la Manase litahama. Neno lao nalo likaonekana la haki, na kikaongezwa kifungu kwamba waolewe ndani ya kabila la baba yao. Mungu mwenyewe aliruhusu sheria ijadiliwe mara ya pili ili isimwumize mwingine. Basi sisi ni nani tukasirike tunapoona wabunge wanabishana juu ya kifungu? Kubishana kwa haki ni sehemu ya kazi yao. Tuwaombee wabishane vizuri.

Kuna kitu kingine katika Katiba ambacho tungependa kila mshirika akijue. Kifungu cha 142 kinasema serikali inapaswa kuieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, katika siku 60 tangu sheria itangazwe. Soma tena: na kwa Kiswahili. Sasa jiulize wewe unayeishi Katuba, au Ruashi, au kijijini karibu na Kasenga, ni mara ngapi umeshika mkononi sheria iliyoandikwa kwa lugha unayoombea. Na kifungu cha 62 cha Katiba hiyo hiyo kinasema hakuna anayeruhusiwa kusema hakuijua sheria. Mtu anahukumiwa kwa karatasi ambayo haikufika kwake katika lugha yake. Hili peke yake lingetosha kuandikia mbunge wako barua. Sisi watu wa Pentekoste tungepaswa kulielewa kuliko wote, maana siku kanisa lilipozaliwa kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yake mwenyewe.

Twende sasa kwenye masomo ya watoto, maana hapo ndipo maumivu ya familia nyingi yako.

Tangu mwaka 2006 Katiba, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Mwaka 2014, tarehe 11 Februari, ikatoka sheria kubwa ya elimu ya taifa ambayo ilirudia neno hilo. Lakini mzazi aliendelea kulipa. Alilipa tangu miaka ile ya 1990, wakati mishahara ya walimu iliposhindwa kabisa na wazazi wakakubali kutoa prime ili masomo yasife. Ilianza kama msaada wa muda, ikakaa karibu miaka 30. Ni mwezi wa Septemba 2019 tu, kwa mwaka wa masomo 2019-2020, ndipo serikali ilipoanza kweli kuondoa malipo hayo. Miaka 13 kutoka Katiba mpaka mlangoni pa kalasi!

Tunamshukuru Mungu kwa watoto waliorudi. Walikuwa wengi. Kuna wasichana waliokuwa wanauza maji ya sachet kwenye barabara ambao leo wanasoma na kuandika. Lakini tuseme na upande wa pili. Watoto waliingia kwa wingi, na kuta za shule hazikuongezeka siku ile ile. Mwalimu mmoja akajikuta mbele ya watoto mia na zaidi, wengine wamekaa chini. Mwalimu wa mjini aliyekuwa akiishi kwa prime ya wazazi aliona mfuko wake unapungua. Na mwalimu mpya, ambaye jina lake halijaingia katika listi ya malipo ya SECOPE, ile ambayo leo inaitwa DINACOPE, anafundisha akingojea mwezi hadi mwezi. Wengine mnao katika makanisa yenu. Wanaimba katika kwaya Jumapili, Jumatatu wanakwenda kalasi bila chai.

Kosa liko wapi? Si katika neno "bure." Neno hilo ni zuri. Shida ni kwamba sheria inayosema jambo na sheria inayotoa makuta ya jambo hilo ni sheria mbili tofauti. Ile ya pili inaitwa sheria ya bajeti. Serikali inapaswa kuileta Bungeni isipite tarehe 15 Septemba kila mwaka, ndiyo maana kikao cha pili kinaitwa kikao cha bajeti. Humo ndimo inaandikwa walimu wangapi wataingia katika mishahara, kalasi ngapi zitajengwa, hospitali itapata nini, barabara ya mtaani kwenu itapata nini au itakosa nini. Ni kitabu kizito cha namba tupu, na hakuna mtu anayekipigia makofi. Watu wanapiga makofi kwa ahadi. Lakini Bwana wetu katika Luka 14 alisema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza, anahesabu gharama. Asipofanya hivyo atabaki na msingi, na wapita njia watamcheka.

Na si kuandika namba tu. Kila mwaka serikali inapaswa pia kurudi mbele ya Bunge kueleza makuta ya mwaka uliopita yalitumika vipi. Mbunge wako akija nyumbani wakati wa likizo ya Bunge, usimwulize tu kama ameleta mipira kwa vijana. Mwulize: mwaka jana mliandika kiasi gani kwa ajili ya primeri katika bajeti, na ni kiasi gani kilitoka kweli? Atashangaa. Safari ijayo atakuja amejiandaa.

Shule zetu nyingi, ndugu, zinasimamiwa na makanisa. Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya serikali na makanisa, shule hizi ni za serikali, kanisa ndilo linaloziongoza. Kwa hiyo neno la Katiba linaziingia nazo. Kamati ya shule inayotafuta jina jipya la malipo ya primeri kila mwaka, leo "mshikamano," kesho "usafi," isimame ijiulize kama mzazi amekubali au amelazimishwa. Na mzazi naye asidhani kwamba bure maana yake ni kutokanyaga shuleni tena. Mwalimu asiyelipwa ni jirani yako. Ukimpelekea unga wa bukari kwa moyo wako, hujavunja sheria yoyote.

Tuje kwenye nyumba. Tunajua wengi mnaosoma hapa hamkai katika parseli yenu. Mnajua habari ya komisioneri, mnajua habari ya garanti. Kijana ameoa, anatafuta vyumba viwili, anaambiwa alete miezi sita, mahali pengine zaidi, mara moja mkononi. Anakopa. Anaanza ndoa na deni. Baada ya mwaka mwenye nyumba anasema mtoto wake anarudi kutoka safari, toka, na garanti tutaangalia. Wanaangalia mpaka leo.

Wapendwa, kuna sheria. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya nyumba za kupanga ambazo si za biashara. Nayo inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite malipo ya miezi mitatu. Miezi mitatu! Imetangazwa tangu 2015, na ni wapangaji wachache wanaoijua. Komisioneri anaijua, lakini hataitaja.

Musa aliandika jambo la ajabu katika Kumbukumbu la Torati 24. Ukimkopesha jirani, usiingie ndani ya nyumba yake kuchukua rehani. Simama nje, yeye ndiye atakuletea. Na kama ni maskini na rehani yake ni nguo ya kujifunika, umrudishie jua linapotua, apate kulala. Mungu hakukataza rehani. Aliiwekea mpaka, na akalinda mlango wa maskini. Garanti ni rehani. Inamlinda mwenye nyumba dhidi ya mpangaji anayevunja madirisha na kukimbia na deni la maji. Si zawadi, wala si mtaji wa kumalizia ukuta wa parseli. Ni makuta ya mtu mwingine uliyowekewa, na siku anapotoka akiwa hana deni, ni yake.

Hapa tuseme pia kwa ajili ya wenye nyumba, maana wamo wajane kanisani ambao vyumba viwili vya nyuma ndivyo vinavyowalisha. Mpangaji aliyekaa miezi minane bila kulipa, anayejificha kila mwisho wa mwezi na Jumapili ananena kwa lugha kwa sauti kubwa, anamwibia mjane. Sheria ikimlinda yeye, inamlinda mjane pia. Ndiyo maana tunasisitiza karatasi. Andikeni mkataba. Kila malipo, risiti. Katika mambo ya nyumba, "sisi ni ndugu katika Bwana" si risiti.

Juu ya kazi hatutakaa sana, ingawa lingehitaji karatasi yake peke yake. Yakobo 5 inasema mshahara uliozuiliwa unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Huku kwetu wanaume wengi ni wa kazi za siku, kwenye mashamba, kwenye majengo, kwenye migodi. Wanaambiwa hawana haki yoyote kwa sababu hawakutia sahihi mahali popote. Si kweli. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mfanyakazi wa siku ambaye amekwisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Basi andika siku zako katika daftari, kila jioni. Juu ya kiasi cha chini cha mshahara, hicho hakiwekwi na Bunge bali na amri ya serikali. Mwaka 2018 kiliwekwa frank 7.075 kwa siku, kikabaki hapo mpaka 2025, kilipopandishwa kuwa 14.500, na hatua ya pili ya 21.500 kuanzia Januari 2026. Miaka saba unga ulikuwa unapanda bei na mshahara umelala. Na neno hili linaingia pia katika parseli za kanisa na nyumba za watumishi: mlinzi wa usiku na dada wa jikoni ni wafanyakazi. Musa alisema walipwe kabla jua halijatua, maana roho zao zinategemea malipo hayo.

Sasa turudi kwa mabinti wetu. Wengi wanadhani habari yao inaishia pale Mungu aliposema ndiyo. Fungua Yoshua 17. Musa amekufa. Yordani imevukwa. Nchi inagawanywa. Na wale mabinti watano wanatokea tena! Wanasimama mbele ya Eleazari, mbele ya Yoshua na wakuu, wanasema: Bwana alimwagiza Musa atupe urithi kati ya ndugu zetu. Kwa nini walikuja? Sheria ilikuwepo. Mungu mwenyewe aliisema. Kuhani Eleazari alikuwepo siku ile. Lakini ilibidi waje kuikumbusha, la sivyo kamba za kupima zingepita juu yao. Walikuja, wakapewa.

Ndiyo hali ya nchi yetu. Garanti ya miezi mitatu ni Hesabu 27. Kwenda kwa shefu wa kartie na kwenye komini, na nakala ya sheria mkononi, ni Yoshua 17.

Katiba imetupa mlango wa hema. Kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani anaweza, peke yake au pamoja na wenzake, kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya serikali, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Hakuna anayepaswa kuteswa kwa sababu ya ombi kama hilo. Fanyeni kama mabinti. Ukurasa mmoja unatosha: ninyi ni nani na mnakaa wapi, shida ni ipi, sheria gani inaihusu, mnaomba nini. Msiweke mambo kumi na mawili katika barua moja. Msiweke laana ndani yake, wala unabii juu ya kifo cha mkubwa fulani. Wekeni tarehe, bakini na nakala, ombeni mtu wa biro atie muhuri kwamba amepokea. Tena msitie sahihi kwenye karatasi tupu ambayo mtu wa chama anazungusha baada ya ibada akisema ataijaza nyumbani. Hesabuni miezi mitatu katika kalenda ya kanisa. Kama jibu halikuja, andikeni tena, na mtaje barua ya kwanza.

Tungependa kila kanisa la mtaa lichague watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja anayesoma Kifaransa vizuri, wafuatilie kikao hiki cha Bunge. Kazi yao ni ndogo: kujua ni mapendekezo gani yanahusu walimu, wapangaji, wafanyakazi, maji na kuran, na kila Jumatano kabla ya maombi ya katikati ya wiki, kuyaeleza kwa Kiswahili kwa dakika kumi. Halafu kanisa liombe likijua linaombea nini. Wawili hao wasiwe wagombea wa kiti chochote. Na wasiongeze chumvi.

Wenye mikataba ya nyumba au madaftari ya siku za kazi ambao hawajui kusoma Kifaransa, waje nayo Jumamosi kwenye chumba cha radio baada ya maombi ya asubuhi. Watakuta ndugu wa kuwasomea, bila malipo. Wiki ijayo tutachukua habari ya maji ya bomba, maana barua zenu juu ya hilo zimejaa meza.

Tuombe.

Baba, tunaleta mbele zako wale waliokaa leo katika komisioni za Bunge, na karatasi zilizo mezani kwao. Uwape masikio ya Musa. Tunamleta mwalimu aliyefundisha mwezi huu bila kulipwa, na mama aliyeambiwa atoke ndani ya nyumba kabla mwezi haujaisha. Uwape wana na mabinti wa kanisa lako miguu ya kwenda mlangoni na ulimi wa kusema vizuri. Katika jina la Yesu. Amina.